Miti Miwili Isiyosemezana

Mimi ni fundi sakafu, na heri niseme mwenyewe kabla kaka yangu hajanisemea: kwa miaka kumi na saba nimetandika mbao kwenye nyumba za watu, ofisi za watu, hata kwenye ukumbi wa mazoezi wa watu wasiofanya mazoezi, na muda wote huo sebule yangu ilikuwa saruji iliyopasuka. Ufa ulianzia mlangoni ukaenda mpaka chini ya dirisha, na katikati upande mmoja ulikuwa umeinuka unene wa kidole. Nilikuwa nauruka bila kufikiri. Mama, ambaye anaishi nami, naye alikuwa anauruka. Siku moja hakuuruka.

Alivunjika nyonga. Akalazwa wiki saba.

"Fundi sakafu wa dunia nzima," kaka aliniambia kwenye korido ya wodi, mbele ya wauguzi, "halafu mama anavunjikia kwako."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Kaka anaishi mji mwingine, saa tisa kwa gari. Ana nyumba kubwa, vigae vinang'aa mpaka jikoni, na watu wake wote wanatoka alfajiri wanarudi jioni. Mama angeshinda humo peke yake akiangaliana na televisheni. Lakini kaka alikuwa ameshaamua. Daktari akitoa ruhusa Ijumaa, yeye angekuja na gari na kumpitisha mama kwangu saa sita mchana. "Nikikuta sakafu imenyooka na kiti cha magurudumu kinapita bila kushtuka, atabaki," alisema kando ya kitanda cha mama. "La sivyo, nguo zake nizikute zimefungwa." Mama alikuwa anasikia yote. Alitazama dari tu. Nilitamani aseme kitu, hata anitukane, lakini hakusema.

Basi nikanunua mbao. Si mbao za mchezo. Ni zile za tabaka: juu kuna mti mgumu wenyewe, unene wa milimita nne, na chini yake tabaka za plaiwudi zilizokingamanishwa ili ubao usijikunje joto likija. Kila ubao una ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, unaingiza, unagonga kwa nyundo ya mpira, umemaliza. Mwenye duka alinipa maboksi kumi na mawili, yote aliyobakiwa nayo, na kadi ya kijani.

"Jaza hiyo urudishe kwa posta," alisema. "Hizi zinatoka kwenye msitu unaotunzwa kwa uangalifu. Kila mti unaokatwa unafuatiliwa."

"Unafuatiliwa ili uende wapi, na umeshakatwa?"

"Fundi, wewe jaza tu, usiniletee maswali."

Kadi iliuliza: Je, mti umefika salama? Nikaandika ndiyo. Je, umepokelewa vizuri? Ndiyo. Uko wapi sasa, na hali yake ikoje? Nikaandika: uko sebuleni, unapumzika. Ndivyo tunavyosema mafundi. Mbao zikifika huzitandiki siku hiyo hiyo. Unaziacha siku tatu ndani ya chumba kile kile zizoee hewa yake, ndipo unaanza. Fundi asiyepumzisha mbao ni tapeli, na nitamwambia usoni.

Wakati kadi iko njiani, mimi nikapiga magoti. Nilivunja ile saruji iliyoinuka, nikamwaga saruji ya kusawazisha, nikaisubiri ikauke sawasawa, nikapitisha pimamaji kila hatua. Mbao nazo zikapumzika siku zake. Alhamisi nikatandika kutwa nzima. Ijumaa saa tatu asubuhi nilikuwa nimebakiza mbao tano tu, zile za mlangoni. Nikanyoosha mgongo, nikaiangalia kazi yangu, na nitasema bila aibu: nilijipenda.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa.

Alikuwa mwanamume mwembamba, mkubwa kwangu kwa miaka kama ishirini, nguo za kaki zimepigwa pasi, faili mbili nene kwapani. Alivua buti zake mwenyewe bila kuambiwa, akazipanga nje, akasimama kizingitini na soksi.

"Shikamoo," akasema.

Nikaduwaa. Mtu wa kumwamkia alikuwa yeye.

"Baba, mimi ndiye wa kukuamkia."

"Sikukuamkia wewe," akasema kwa upole. "Nimewaamkia wao." Alikuwa anatazama sakafu. Akangoja kidogo, kama mtu aliyepiga hodi kwa jirani, kisha akashusha pumzi. "Hawajibu. Nilijua tu wamekasirika."

Akajitambulisha kuwa mkaguzi wa msitu. Alikuwa amesafiri siku mbili kwa sababu ya kadi yangu. "Umeandika mmoja anapumzika," alisema. "Wa pili hukumtaja kabisa. Ofisini hatukulala."

"Wa pili yupi?"

Akanionyesha kwa kidole maboksi matupu ukutani. Sita yalikuwa na alama ya bluu, sita ya kijani. Mimi nilidhani ni urembo. "Bluu ni mti namba mia mbili na kumi na mbili," akasema. "Sisi tunamwita Mkimya. Ana miaka mia moja na sita. Kijani ni mia mbili na kumi na tatu, Mbishi. Mia na nne. Wamesimama hatua sita kutoka mmoja hadi mwingine maisha yao yote, na hawasemezani. Walikuwa wanagombania mwanga. Mbishi alipitisha tawi lake juu ya kichwa cha Mkimya, makusudi. Tulimpa onyo la maandishi."

"Mliupa mti onyo la maandishi?"

"Mara mbili." Akafungua faili, na kweli, nakala zilikuwepo, zina mhuri. "Tuliwakata kwa masharti kwamba wasikae jengo moja. Duka likakosea. Lakini njiani nikajipa moyo, nikasema, fundi mwenye akili atamweka mmoja sebuleni na mwingine chumbani. Haya, mwanangu. Yupi ni yupi?"

Sasa hapa nilifanya ujinga wa kitaaluma. Mtu akiniuliza juu ya kazi yangu, mdomo unatangulia. Mbao hutofautiana rangi, boksi na boksi. Fundi mzembe anamaliza boksi moja ndipo anafungua lingine, na sakafu inatoka na viraka kama suruali ya gereji. Fundi wa kweli anafungua maboksi manne kwa mpigo, anachota ubao huku, ubao kule, rangi zinatawanyika, jicho halioni mwanzo wala mwisho. Nikamwambia hivyo hivyo, kifua mbele. "Huwezi kujua yupi ni yupi! Nimewachanganya mpaka hata mimi mwenyewe siwezi kuwatenganisha!"

Mkaguzi alikaa chini. Alikaa pale pale kizingitini, faili mapajani.

"Umewalaza ubavu kwa ubavu," akasema. "Ulimi wa mmoja ndani ya mfereji wa mwenzake."

"Ndiyo kazi yenyewe, mzee."

"Sakafu hii itapiga kelele. Kila watakapogusana watagombana, na atakayepita juu yao atasikia. Ni lazima ing'olewe." Na kabla sijamfikia, alikuwa ameshaziokota zile mbao tano za mlangoni. Akazigeuza, akasoma namba za mgongoni, tatu za Mkimya akazikumbatia mkono wa kulia, mbili za Mbishi mkono wa kushoto, na akapanua mikono zisigusane.

Jamani. Nilimsihi. Nilimwandalia chai, akanywa kwa kuinamia kikombe sakafuni maana mikono ilikuwa imejaa miti. Nilimweleza habari za mama, nyonga, kaka, saa sita mchana. Machozi yalimlengalenga, kwa kweli alikuwa mtu wa huruma, lakini mbao hakuachia. Nikapandwa na hasira nikamwambia mti uliokatwa ni mbao, na mbao ni mbao, na yeye atafute kazi ya maana. "Hivyo ndivyo wanavyosema watu wa misitu isiyotunzwa," akanijibu, na nikaona nimemwumiza. Nikajaribu kuvuta ubao mmoja kwa nguvu. Mzee alikuwa na mikono kama koleo.

Saa nilikuwa naiangalia kila dakika. Mbao zile tano zikikosekana, mlangoni kunabaki shimo la hatua moja, kina cha kidole na nusu, mahali pale pale kiti cha magurudumu kinapoingilia. Kidole kimoja kilimvunja mama nyonga. Nilisimama katikati ya sebule yangu nzuri na nyundo ya mpira mkononi, nikalia kama mtoto.

Mkaguzi akaona hali imekuwa mbaya. "Nitajaribu mara moja tu," akasema. "Wakijibu, basi angalau wako tayari kuzungumza." Akalala kifudifudi, mikono imepanuliwa na mbao zake, shavu juu ya sakafu. "Shikamooni," akawaambia.

"Marahaba, mwanangu," ikajibu sauti ya kizee.

Mkaguzi aliruka wima kama aliyeguswa na umeme. Mlangoni alikuwepo mama, kwenye kiti chake, mfuko wa dawa mapajani. Nyuma yake kaka, jasho linamtoka, anaangalia lile shimo.

"Nilijua," kaka akasema. Na kilichoniuma ni kwamba hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyechoka. "Haijaisha. Na huyu ni nani anayelala kwenye sakafu na mbao kwapani? Mama, ngoja hapa. Nakuchukulia nguo."

"Mimi sijasema naondoka," mama akasema. "Kwanza niambieni huyu baba ana tatizo gani."

Lazima muelewe kitu kuhusu mama yangu. Miaka thelathini alikaa kwenye dirisha la mapokezi la zahanati, akipanga foleni. Watu wagonjwa, watu wenye haraka, watu wanaodai walifika jana. Ugomvi wa watu ulikuwa chai yake ya asubuhi. Tangu astaafu hakuna aliyemletea kesi ya maana. Mkaguzi alipoanza kueleza, tawi, onyo la kwanza, onyo la pili, nilimwona mama akikaa vizuri kwenye kiti kwa mara ya kwanza katika wiki saba.

"Walikuwa wanagombania nini?" akauliza.

"Mwanga, mama."

"Humu ndani mwanga unatoka wapi?"

"Dirishani pale."

"Unamfikia nani?"

Mkaguzi akatazama. Jua la mchana lilikuwa limemwagika sebule nzima, ubao kwa ubao. Akapima kwa hatua na soksi zake, akarudi. "Wote," akasema polepole. "Sawasawa."

"Na hakuna mwenye tawi."

"Hakuna."

"Sasa wamebaki wanagombania nini?"

Mkaguzi akafungua faili. Alipekua kwa meno kwa sababu ya mbao, mpaka kaka, aliyelelewa vizuri pamoja na kelele zake zote, akamshikia. "Kifungu cha arobaini na moja," mkaguzi akasoma. "Miti yenye ugomvi inaweza kukaa chumba kimoja endapo chanzo cha ugomvi kimeondoka, endapo haipigani, na endapo kuna mwangalizi anayeshinda nayo." Akatutazama. "Miaka ishirini na sita kazini, kifungu hiki sijawahi kukitumia."

"Cha kwanza kimepita," mama akasema. "Cha pili unakipimaje?"

"Apite mtu mwenye uzito. Wakiwa wanapigana, sakafu italia."

"Mwanangu huyu mkubwa atanisukuma," mama akasema.

Kaka alikinyanyua kiti na mama ndani yake, akakivusha shimo, akakiweka juu ya sakafu yangu. Mimi nilirudi nyuma mpaka ukutani. Sikuwa naogopa miti, naapa. Nilikuwa naogopa gundi yangu, saruji yangu, magoti yangu yaliyochoka Alhamisi jioni nilipokuwa naharakisha safu za katikati. Sakafu ya mbao ikitandikwa vibaya inalia tu, miti iwe inapendana au haipendani.

Akamsukuma mpaka dirishani. Kimya. Akageuza, akamsukuma kando ya ukuta. Kimya. Mkaguzi alimfuata akitambaa, sikio chini. Kaka sasa alikuwa anatafuta kosa waziwazi. Alimpitisha mama kwenye kona, nyuma ya kabati, akakizungusha kiti mara tatu mahali pamoja. Namjua, ni mtu wa kukagua bili mara mbili. Alipopita katikati ya chumba nilifumba macho.

Hakuna sauti. Hata panya hakuguna.

Nilipofumbua, kaka alikuwa amesimama, anaitazama sakafu. Akapitisha kiganja juu yake. "Umeitengeneza vizuri," akasema, kwa shida, kama mtu anayetema mfupa wa samaki.

"Hawapigani," mkaguzi akanong'ona. "Miaka mia moja na nne. Kumbe ilikuwa ni mwanga tu." Akapangusa pua kwa bega. "Sasa mwangalizi. Ni nani anayeshinda humu kutwa?"

Nikanyoosha mkono.

"Wewe unashinda kwenye sakafu za watu," mama akaniambia, nikaushusha. "Mimi ndiye ninayeshinda humu. Lete hiyo fomu."

Alivaa miwani, akaisoma fomu yote, mbele na nyuma, kama alivyokuwa akisoma kadi za wagonjwa. Mahali pamoja akasimama. "Hapa pameandikwa nini, baba? Soma kwa sauti, macho yangu mabovu."

Macho ya mama yanasoma tarehe ya mwisho kwenye kopo la dawa kutoka upande wa pili wa chumba.

"Mwangalizi hatahamishwa makazi bila idhini ya msitu," mkaguzi akasoma.

"Rudia, sikusikia."

Akarudia. Kaka alisikia mara zote mbili. Nilimwona akivuta pumzi ya kubisha, na nilimwona akiiachia.

"Mama," akasema, "ungesema tu kwamba hutaki kuja kwangu."

"Mlikuwa mnanigombania kando ya kitanda changu, hakuna aliyeniuliza. Nikasema nanyamaza, nione mtafika wapi." Akamgeukia mkaguzi. "Muda gani hapa?"

"Miaka mitano."

"Nina sabini na tisa. Andika kumi."

"Fomu inaruhusu mitano tu, mama."

"Basi andika mitano, na ukirudi uje na fomu nyingine." Akaweka sahihi yake kubwa ya zahanati, ile iliyokuwa ikivuka mstari. "Na huyu mwanangu mkubwa, hamna kazi yake humo? Anapenda sana kukagua."

Mkaguzi akaangaza. Ilikuwepo: mkaguzi msaidizi, kufika mara moja kila mwezi, kuamkia, kusikiliza, kuandika ripoti.

"Mama, saa tisa barabarani! Na kazi yangu..."

"Miaka mitatu umekuja mara mbili," mama akasema. Hakupandisha sauti. "Mara ya pili nilikuwa nimeshavunjika. Mwandike."

Kaka alitia sahihi huku amenipa mgongo, na alikaa hivyo kwa muda, akijifanya anatafuta kifuniko cha kalamu.

Mkaguzi akaniachia mbao tano, mmoja mmoja, kwa namna watu wanavyokabidhi mtoto mchanga. Kaka akashika upande mmoja, mimi nikapaka gundi nikagonga, Mkimya, Mbishi, Mkimya, Mbishi, Mkimya, mpaka kizingitini. Tangu tukiwa wadogo hatukuwahi kupiga magoti pamoja kwenye kazi moja. Nilipompa nyundo naye agonge, alinipiga kidole mara moja, nadhani kwa bahati mbaya. Mkaguzi akaaga sakafu, akatuaga na sisi, akavaa buti zake nje, akaondoka na machozi na vikombe viwili vya chai tumboni.

Mama akasogeza kiti mpaka katikati ya sebule, akaomba avuliwe viatu.

Nikavivua, na soksi pia. Miguu ilikuwa imekonda, wiki saba za kitanda. Kaka akamshika kwapa la huku, mimi la kule, akateremsha nyayo kwenye mbao, akasimama. Kidogo tu, uzito wote tumeubeba sisi. Akaangalia chini, akasogeza mguu, akapapasa kwa kidole gumba huku na huku kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Ni hapa nilipoangukia?" akaniuliza.

"Ni hapo hapo, mama. Nisamehe."

Akapapasa tena.

"Mbona sipaoni?" akasema.